Kilomita 950 za Kungoja: Hesabu ya Kukikamata Kirusi cha Nguruwe Songea

Kutoka Songea mjini hadi Temeke, Dar es Salaam, yalipo makao makuu ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), ni safari ya takriban kilomita 950. Nguruwe aliyeshikwa na homa ya nguruwe ya Afrika, kwa ukali wake wa kawaida, hufa ndani ya wiki moja hadi mbili tangu kirusi kimwingie. Namba hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaeleza kwa nini wanasayansi wanahangaika kutengeneza kifaa kidogo cha kukitambua kirusi hicho pale pale bandani, na kwa nini mkoa kama Ruvuma, ilipo Songea, una haja nacho kuliko mikoa iliyo karibu na maabara kubwa.

Tuhesabu siku bila kumlaumu mtu. Siku ya kwanza nguruwe anasusa pumba na kujilaza pembeni. Mfugaji anadhani ni homa ya kupita, anamchoma sindano ya oksitetrasaiklini aliyonunua duka la dawa za mifugo. Siku ya tatu nguruwe anakufa na wa pili ameanza kutetemeka. Siku ya nne afisa mifugo wa kata anapigiwa simu. Ana vijiji kadhaa na pikipiki moja, kwa hiyo anafika siku ya tano. Damu na kipande cha bandama vinawekwa kwenye barafu, vinapanda basi la alfajiri siku ya sita, vinapokelewa maabara siku ya saba. Hata majibu yakitoka haraka, siku ya tisa au ya kumi ndiyo yanasikika kijijini. Wakati huo banda limekwisha kuwa tupu, na si kwa sababu ya vifo peke yake. Mwenye nguruwe kumi akiona wawili wamekufa, huwauza wanane waliobaki kabla bei haijaanguka. Wanane hao ndio hesabu yetu yote: wamekwenda wapi, wangapi wamebeba kirusi, na ingegharimu kiasi gani kuwazuia.

TVLA ina vituo vya kanda pia, vya Iringa na Mtwara vikiwa jirani zaidi na Ruvuma. Lakini hata hivyo viko mamia ya kilomita kutoka Songea, na mkoa wenyewe una zaidi ya kilomita za mraba 60,000. Anayetoka Tunduru anahesabu kilomita zake za kufika Songea kwanza.

Homa hii haina tiba. Chanjo hai zilianza kuruhusiwa Vietnam mwaka 2022, lakini mfugaji wa Peramiho au Mbinga hana chanjo ya kuitegemea leo. Binadamu haambukizwi, hata akila nyama ya nguruwe mgonjwa, na jambo hilo jema ndilo linaloukuza ugonjwa: nyama inaliwa bila madhara, mifupa na makombo yanatupwa, nguruwe wa jirani anayaokota. Kirusi kinakaa hai miezi mingi katika nyama na damu iliyohifadhiwa kwenye baridi. Moto hukiua, nyuzi joto 60 za Selsiasi kwa dakika 20, ila makombo ya kitimoto hayapikwi mara ya pili kabla ya kumwagwa.

Kirusi chenyewe ni cha kwetu. Maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yalitoka Kenya mwaka 1921, yakiandikwa na Robert Eustace Montgomery. Kiliishi, na kinaishi bado, kati ya ngiri na kupe laini wa mashimoni, bila kumuua ngiri. Mwaka 2007 kiliibuka Georgia, kando ya Bahari Nyeusi, kikiwa cha jenotaipu (aina ya kijenetiki) II, ile iliyokuwa ikijulikana Msumbiji, Zambia na Madagaska. Mwaka 2010 jenotaipu hiyo hiyo ilipiga Kyela, mpakani na Malawi, ikapanda hadi Dar es Salaam. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), akiwamo Gerald Misinzo, ndio walioisoma na kuonyesha udugu wake na ile ya Georgia. Agosti 2018 ilifika China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani. Mwaka 2021 ilichapishwa jenomu nzima ya kirusi kilichochukuliwa Rukwa mwaka 2017, kazi ambayo SUA imo ndani yake. Kwa hiyo Ruvuma, yenye Msumbiji upande wa kusini, Malawi ng'ambo ya Ziwa Nyasa, na ngiri katika misitu ya Namtumbo na Tunduru, inakaa katikati ya njia ambazo kirusi hiki kimezizoea.

Ndani ya tone la damu

Kifaa kinachotafutwa kinaitwa kihisi cha kibayolojia. Ni kitu chenye sehemu mbili: kitu cha kibayolojia kinachokishika kile unachokitafuta na kukiacha kingine chote, kama vile kimeng'enya, kingamwili au kipande cha DNA, na kitu cha kielektroniki au cha rangi kinachotoa habari kwamba kimeshikwa. Wazo lilianza kwa Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani mwaka 1962, na mtoto wao mashuhuri ni mashine ya kupima sukari ambayo wagonjwa wa kisukari wanayo nyumbani. Unachoma kidole, tone linaingia kwenye ukanda, namba inatokea baada ya sekunde chache. Watu huuliza, na swali ni la haki: kama sukari inapimwa hivyo kwa bei nafuu, kirusi kinashindikana nini?

Jibu liko kwenye idadi. Mikrolita moja ya damu, yaani sehemu ya elfu ya mililita, ikiwa na sukari ya kawaida ya milimoli 5 kwa lita, ina molekuli za sukari trilioni 3,000 hivi. Nguruwe aliyezidiwa na homa anaweza kuwa na virusi milioni 100 katika kila mililita ya damu, ambavyo ni virusi 100,000 katika mikrolita ile ile. Gawanya. Kwa kila kirusi kimoja katika damu ya nguruwe aliye taabani, kuna molekuli za sukari bilioni 30 katika damu ya mtu mzima wa afya. Na huyo ni nguruwe ambaye macho ya mfugaji yameshamwona kuwa mgonjwa. Tunayemtaka hasa ni yule wa siku ya tatu tangu kuambukizwa, anayekula vizuri, mwenye virusi labda elfu moja kwa mililita. Mikrolita moja ya damu yake ina kirusi kimoja.

Shuka chini zaidi, virusi 100 kwa mililita, nawe utakuta katika kila matone kumi ya mikrolita moja, tisa hayana kirusi hata kimoja. Hapo hakuna ufundi wa kihisi unaosaidia. Kifaa hakiwezi kuona kisichomo ndani ya tone. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba angalau kirusi kimoja kimo kwenye sampuli, wastani wa virusi ndani yake lazima ufike 3. Kwa nguruwe huyo unahitaji mikrolita 30, na uhakikishe zote zinapita mbele ya kihisi. Nikisoma tangazo la kifaa kipya kinachosifiwa kuona virusi vichache kabisa kwenye tone dogo kabisa, hesabu hii ndiyo ninayoifanya kwanza, na mara nyingi inatosha.

Kuna kikwazo cha pili ambacho hakizungumzwi sana, nacho ni mwendo. Kirusi cha homa ya nguruwe ni kikubwa kwa viwango vya virusi, upana wake ni nanomita 200 hivi. Kitu cha ukubwa huo kikiachwa kielee chenyewe majini bila kusukumwa, kitachukua zaidi ya siku mbili na nusu kusogea umbali wa milimita moja. Umbali wa sehemu ya kumi ya milimita kitauchukua kwa dakika 38 hivi. Sasa fikiria elektrodi ndogo chini ya kikombe cha plastiki chenye damu ya kina cha milimita tatu. Kihisi kinaweza kuwa na uwezo wa kukitambua kirusi kimoja kikigusa, lakini kirusi hakitafika kugusa kabla jua halijatua. Ndiyo maana vihisi vizuri vina mifereji myembamba kuliko unywele, au chembe za sumaku zinazokwenda kuvikamata virusi na kuvivuta hadi kwenye elektrodi. Kila nyongeza kama hiyo inatibu tatizo la kweli na inaongeza bei.

Njia tatu, na kila moja na mahali pake

Njia ya kwanza ni kukamata protini ya kirusi. Ganda la kirusi cha homa ya nguruwe, kama lilivyosomwa kwa hadubini ya elektroni mwaka 2019, lina nakala 8,280 za protini iitwayo p72. Kirusi kimoja, shabaha zaidi ya elfu nane: huo ni mtaji mzuri. Ukanda wa karatasi wenye kingamwili na chembe za dhahabu unaishika p72 na kuchora mstari mwekundu ndani ya dakika 15 au 20. Ni teknolojia ile ile ya kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) inayotumika katika zahanati zetu zote, na vipimo vya namna hii vya homa ya nguruwe vinauzwa tayari. Havihitaji umeme. Vinafanya kazi nzuri kwa nguruwe mwenye homa kali ambaye damu yake imejaa virusi, na vinamkosa aliyeambukizwa juzi.

Vipimo vya kutafuta kingamwili za nguruwe mwenyewe tuviweke kando. Kingamwili huanza kuonekana kati ya siku ya 7 na ya 10, wakati ambapo wengi wanakufa. Vina faida katika kuwatafuta walionusurika, si katika kuuzima moto unaowaka.

Njia ya pili ni kunakili DNA. Kila kirusi kina nakala moja tu ya jenomu, yenye herufi 170,000 hadi 190,000, lakini nakala hiyo inazidishwa. PCR ya maabara huirudufu kila mzunguko: mizunguko 30 hutoa nakala zaidi ya bilioni moja kutoka moja. Kwa hiyo ndiyo njia inayoona mapema kuliko zote. Tatizo la PCR ni kupandisha na kushusha joto mara nyingi kwa usahihi, na hapo ndipo bei ya mashine inapotoka. Mbinu ya LAMP, iliyobuniwa Japani na kutangazwa mwaka 2000, inafanya kazi hiyo kwa joto moja tu la nyuzi 60 hadi 65 kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Kasha lenye betri linatosha. Kirusi cha homa ya nguruwe kinarahisisha mambo hapa, kwa sababu jenomu yake ni DNA na haihitaji kugeuzwa kwanza, tofauti na kirusi cha sotoka ya mbuzi na kondoo ambacho ni cha RNA na huoza haraka njiani.

LAMP ina adui mmoja ambaye kila fundi wa maabara anamjua. Tyubu iliyokwisha kuzidisha DNA ina nakala mabilioni ndani yake. Ukiifungua mezani ili kuona matokeo, umeichafua meza, na kuanzia kesho kila nguruwe ataonekana mgonjwa. Kifaa cha kupelekwa Songea lazima kisomeke tyubu ikiwa imefungwa. Hili si jambo dogo la kiufundi. Kituo kimoja kilichochafuka kinaweza kufunga biashara ya wilaya nzima kwa kosa.

Njia ya tatu ndiyo inayoandikwa sana katika majarida ya sayansi: elektrodi za dhahabu zenye kingamwili au vipande vya DNA vinavyobadilisha mkondo wa umeme kirusi kikikamatwa, na kimeng'enya Cas12a ambacho kikikutana na mfuatano wa DNA uliokusudiwa huanza kukatakata kila DNA ya uzi mmoja iliyo karibu, ikiwamo ile iliyowekewa rangi. Usikivu wake ni wa ajabu na ninaamini baadhi ya vifaa hivyo vitafika bandani. Lakini vingi vimejaribiwa kwenye maji safi yaliyotiwa DNA, si kwenye damu iliyoganda nusu ya nguruwe aliyekufa jana.

Kuthibitisha kifaa kuna hesabu yake. Ili mtengenezaji aseme kwa haki kwamba kifaa kinawagundua asilimia 95 ya wagonjwa, pamoja na kosa lisilozidi asilimia 5 kila upande, anahitaji kukijaribu kwa nguruwe wagonjwa wasiopungua 73 waliothibitishwa kwa njia nyingine. Akitaka kosa lisilozidi asilimia 2, wanakuwa 457. Kuonyesha kwamba asilimia 99 ya wazima wanasomeka kuwa wazima, kwa kosa la asilimia 1, anahitaji wazima 381. Wagonjwa hao 73 hawapatikani kwenye chuo cha Ulaya. Wanapatikana kwenye mlipuko, kusini mwa Tanzania, kwenye matope ya Februari, pamoja na afisa mifugo anayejua kuchukua damu ya nguruwe asiyetaka kushikwa. Ningependa taasisi zetu, SUA na TVLA kwanza, ziwe na sampuli zilizohifadhiwa na mikataba iliyoandikwa kabla mlipuko haujaja, ili mwenye kifaa aje kwetu kwa masharti yetu.

Mstari mwekundu unasema nini

Tuchukue kifaa kinachogundua wagonjwa 90 kati ya 100 na kuwasoma vizuri wazima 98 kati ya 100. Kwa masikio ya wengi hicho ni kifaa bora. Kipeleke mnadani wakati wa utulivu, nguruwe 1,000, watano tu kati yao wakiwa na kirusi. Kitawaona wanne au watano hao. Pia kitawasingizia wazima 20. Kati ya kila mistari sita myekundu, mitano ni ya uongo.

Kipeleke kifaa hicho hicho kwenye kata ambayo nguruwe wanakufa, ukipime kwa nguruwe 1,000 wenye homa, 400 kati yao wakiwa na ugonjwa wenyewe. Kitawaona 360 na kuwasingizia 12. Sasa mistari 97 kati ya 100 ni ya kweli. Kifaa hakikubadilika, mahali ndipo palipobadilika. Afisa mifugo anayepewa kifaa bila kuelezwa jambo hili atawaumiza wafugaji wasio na hatia mnadani, kisha hatasikilizwa tena siku ugonjwa ukija kweli.

Dawa yake ni kipimo cha pili chenye kanuni tofauti. Ukanda wa protini kwanza, kisha LAMP kwa wale tu waliotoa mstari mwekundu. Kama cha pili kinakosea mzima mmoja kati ya 100, wale 20 waliosingiziwa wanabaki chini ya mmoja. Na sampuli moja ya kila tukio lazima iende maabara kubwa, kwa sababu ugonjwa huu ni wa kutolewa taarifa kimataifa na serikali haiwezi kutoa taarifa kwa ushahidi wa ukanda wa karatasi.

Shilingi

Bei ninazotumia kuanzia hapa ni za mfano, nimezichagua ziwe karibu na hali halisi ili hesabu isomeke. Mwenye bei zake aziweke mahali pake. Mwelekeo hautabadilika sana.

Mashine ya PCR ya shilingi 60,000,000 inayodumu miaka 7 inagharimu shilingi 8,570,000 kwa mwaka hata ikikaa bila kazi. Ikipima sampuli 300 kwa mwaka, kila sampuli inabeba shilingi 28,600 za mashine kabla ya kununua kemikali. Ikipima 6,000, kila moja inabeba 1,430. Kwa hiyo kuweka PCR kila halmashauri ni kupoteza fedha: mashine kubwa inataka kulishwa, na mkoa mmoja haumlishi mnyama huyo. Maabara ya kanda inaweza. Inaweza pia kuchanganya damu ya nguruwe watano katika kipimo kimoja. Ugunduzi unachelewa kwa mizunguko miwili na kidogo tu, na gharama inakaribia kushuka hadi moja ya tano pale ambapo wengi ni wazima.

Sasa kijiji. Kaya 40, nguruwe wanne kila kaya, shilingi 250,000 kwa nguruwe: mali ya shilingi 40,000,000, ambayo kwa kaya nyingi ndiyo ada ya shule na mbolea ya mahindi ya msimu ujao. Ugonjwa ukiingia na kuwamaliza mara moja katika kila miaka 10, hasara ya wastani ni shilingi 4,000,000 kwa mwaka.

Wazo linalokuja haraka ni kupima mara kwa mara. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuukuta ugonjwa uliofikia asilimia 5 ya kundi kubwa, unapima nguruwe 59. Kwa shilingi 15,000 kila kipimo ni shilingi 885,000. Fanya hivyo mara nne kwa mwaka: shilingi 3,540,000. Umetumia karibu hasara yote kuizuia, na bado kati ya duru mbili kuna miezi mitatu ambayo kirusi kinaweza kuingia na kumaliza kazi yake. Upimaji wa mara kwa mara haulipi. Wenye miradi wanaoleta maboksi ya vipimo kwa mtindo huo wanapaswa kuifanya hesabu hii kabla ya kushusha mzigo.

Geuza mpango. Pima kila nguruwe anayepata homa, na huyo peke yake. Tuseme katika kijiji hicho 24 wanapata homa ya sababu yoyote kwa mwaka: vipimo 24, shilingi 360,000. Kama ugunduzi wa siku ya pili badala ya siku ya kumi unaokoa nusu tu ya hasara, umeokoa shilingi 2,000,000 kwa mwaka kwa wastani. Kila shilingi imerudisha zaidi ya tano. Na hapa ukanda wa kawaida unatosha, kwa sababu nguruwe mwenye homa ana virusi vingi. Usikivu wa kupita kiasi tuutunzie mahali pengine: kwenye nguruwe wanaoonekana wazima lakini wanapanda gari kutoka kata yenye ugonjwa kwenda kwingine, na kwenye madume ya mbegu yanayozungushwa vijijini. Hao ndio wanaostahili kihisi cha gharama kubwa.

Jibu la kwamba hakuna ugonjwa nalo lina bei yake. Nguruwe wakianza kufa, usafirishaji husimamishwa na bucha za kitimoto hufungwa hadi ijulikane. Bucha 30 zinazopoteza shilingi 20,000 kila moja kwa siku, kwa siku 10 za kungoja majibu ya Dar es Salaam, ni shilingi 6,000,000. Kama kilichoua kilikuwa ugonjwa mwingine wenye tiba, fedha hiyo imepotea bure, na nguruwe waliokuwa na tiba wamekufa pia.

Hesabu ngumu kuliko zote ni ya mfugaji mmoja mmoja. Mstari mwekundu hauokoi nguruwe wake. Unaokoa wa majirani. Akipima na kutangaza, amepoteza wale wanane wake waliobaki. Akinyamaza na kuuza kwa shilingi 150,000 kila mmoja, amepata shilingi 1,200,000 leo. Hakuna kihisi chenye usikivu wa kulishinda jambo hilo. Hispania ilikaa na ugonjwa huu tangu 1960. Mpango ulioumaliza ulianza 1985 na kukamilika 1995, na ndani yake mlikuwa na maabara, vikosi vya madaktari wa mifugo wa kuzunguka mashambani, na fidia kwa mwenye nguruwe waliouawa. Nguzo hizo ziliwekwa pamoja. Kuwalipa wanane wa mfugaji wa kwanza kwa nusu ya thamani yao ni shilingi 1,000,000. Mali ya kijiji chake ni milioni 40.

Mkoa mzima

Ruvuma ina halmashauri nane: Manispaa ya Songea, Songea Vijijini, Madaba, Mbinga Mji, Mbinga Vijijini, Nyasa, Namtumbo na Tunduru. Kila moja ipewe kasha la LAMP la shilingi 5,000,000 linalodumu miaka 5: kwa mwaka ni shilingi 8,000,000 kwa zote. Vipimo 400 kila halmashauri kwa shilingi 15,000: milioni 48. Mafuta na matengenezo ya pikipiki, shilingi 300,000 kwa mwezi kila halmashauri: milioni 28.8. Mafunzo, sampuli za kujipima usahihi na kusafirisha za kuthibitisha, shilingi 2,000,000 kila moja: milioni 16. Jumla ni shilingi 100,800,000 kwa mwaka.

Kifaa chenyewe, kile kinachopigwa picha siku ya makabidhiano, ni shilingi 8 katika kila 100. Pikipiki inakula zaidi ya mara tatu ya hiyo. Kama mkoa una nguruwe laki moja, huduma yote ni shilingi 1,008 kwa nguruwe kwa mwaka, na fidia haimo humo.

Kuna mambo madogo ya mahali yanayoweza kuiharibu hesabu hiyo. Vipimo vingi vya ukanda vimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 15 na 30. Asubuhi ya Julai kwenye milima ya Umatengo, Mbinga, ni baridi kuliko hapo, na mchana wa Novemba Tunduru ni joto kuliko hapo. Kemikali zilizokaushwa hazihitaji friji lakini zina tarehe ya mwisho, na vipimo 400 vinavyonunuliwa kwa pamoja mwezi wa Julai vinaweza kuisha muda kabla ya kutumika kama mwaka ni wa utulivu. Afadhali kuagiza 100 kila robo mwaka na kuweka akiba ya mkoa Songea mjini, inayoweza kukimbizwa Mbinga au Namtumbo siku hiyo hiyo. Hilo linataka mkataba na msambazaji, si ununuzi wa mara moja, na linataka fungu lake liwe limeandikwa kwenye bajeti ya halmashauri kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1. Fungu linaloombwa baada ya nguruwe kuanza kufa hupita kwenye vikao, na kirusi kinakuwa kimeshasafiri.